Makaroni ya kuokwa yenye nyama ya kusaga kwa jioni za siku za kazi: yachemshwe kwanza au yaingie mabichi?

Asubuhi_Njema ameuliza:

Salaam, ndugu zangu. Naomba mnisaidie kupata utaratibu wa kuaminika wa kuandaa makaroni ya kuokwa yenye nyama ya ng'ombe ya kusaga, kwa ajili ya zile jioni ambazo mtu amerudi nyumbani amechoka, watu sita wanasubiri kula, na hakuna nafasi ya kukaa jikoni kwa saa tatu. Ninachokitaka ni chakula kimoja kinachotosha kuwa mlo kamili, kinachokaa mezani ndani ya saa moja na robo hivi, na ambacho kwa sehemu kubwa ya muda huo kinajipikia chenyewe ndani ya oveni.

Maelezo niliyoyasoma yanapingana. Wako wanaosema makaroni yachemshwe hadi yaive kabisa, na wako wanaosema yatiwe kwenye bakuli la kuokea yakiwa makavu kama yalivyotoka kwenye pakiti. Wengine hawakubali kabisa kuokwa kwa makaroni bila sosi nyeupe ya maziwa, na wengine wanatosheka na nyanya na jibini peke yake. Zaidi ya yote, sijaona anayeeleza ni kwa nini makaroni ya juu hukauka na kuwa magumu ilhali ya chini yamelainika kupita kiasi, na ningependa kuielewa sababu yenyewe kuliko kupewa vipimo vitupu. Nyumbani kuna mtu mmoja asiyetumia maziwa wala jibini, kwa hiyo nitashukuru pia kama kuna njia ya kumfikiria yeye bila kupika chakula cha pili.

Mwiko_wa_Mti amejibu:

Ndugu Asubuhi_Njema, swali lako kuhusu ukavu ndilo linalobeba mengine yote, kwa hiyo nitaanzia hapo. Makaroni makavu ni ngano iliyoondolewa maji, na popote yanapokutana na maji na joto huendelea kunywa hadi yashibe. Ndani ya oveni maji pekee yaliyopo ni yale ya rojo, na hata hayo hayabaki yote, kwa sababu sehemu yake hupaa kama mvuke kupitia juu ya bakuli lililo wazi. Rojo ambalo sufuriani lilionekana zito na la kupendeza hujikuta limenyonywa kutoka chini na kukaushwa kutoka juu kwa wakati mmoja. Makaroni ya chini, yaliyozama, yanaendelea kuchemka na kulainika. Ya juu, yaliyotokeza nje ya rojo, yanakaangwa na hewa ya moto. Anayeelewa jambo hili ataona kwamba mambo yanayolazimika ni mawili tu: makaroni yaingie kwenye oveni yakiwa hayajaiva, na rojo liingie likiwa jepesi kuliko vile unavyotaka kulila.

Kwa watu sita, kwenye bakuli la kuokea lenye ukubwa wa sentimita 23 kwa 33, mimi hutumia gramu 400 za makaroni, gramu 500 za nyama ya kusaga, makopo mawili ya nyanya ya gramu 400 kila moja, vijiko viwili vya chakula vya nyanya nzito ya kopo, kitunguu maji kimoja kikubwa, punje tatu za kitunguu saumu, na gramu 200 za jibini. Chagua makaroni ya mrija mfupi yenye mifereji ubavuni, kama vile penne au rigatoni, kwa sababu rojo huingia ndani ya tundu na kushika kwenye mifereji hiyo. Tambi ndefu hugandamana zikiokwa, na vile vijikaroni vidogo vilivyopinda vinafaa, ila huiva upesi na havivumilii kusahauliwa.

Washa oveni kwenye nyuzi 190 za Selsiasi na ubandike maji ya makaroni kabla hujagusa kitu kingine, maana hayo mawili ndiyo yanayochukua muda bila kukuhitaji. Lita 4 za maji zinataka chumvi gramu 40, yaani vijiko viwili vya chakula vilivyosawazishwa. Usiogope kiasi hicho, kwa kuwa karibu chumvi yote humwagwa pamoja na maji, na makaroni yaliyochemshwa bila chumvi hayawezi tena kukolea hata rojo likiwa tamu namna gani. Pakiti ikisema dakika 11, wewe yatoe kwenye dakika ya 8. Ukikikata kipande kimoja katikati unapaswa kuona kiini cheupe kisichoiva. Kabla ya kuyachuja, chota vikombe viwili vya maji hayo na uyaweke kando, kwa kuwa yana wanga uliotoka kwenye makaroni na ndiyo yatakayolegeza rojo bila kulifanya liwe la majimaji. Usiyasuuze makaroni kwa maji baridi, la sivyo utauondoa ule wanga wa nje unaofanya rojo lishike.

Sasa nyama, ambayo nadhani ndiyo inayoharakishwa kuliko inavyostahili. Tumia kikaango kipana chenye moto mkali, itandaze nyama iwe bapa, kisha uiache kwa dakika tatu au nne bila kuikoroga. Nyama ikikorogwa mfululizo hutoa maji yake, na maji yakiwapo kikaangoni joto haliwezi kupanda sana zaidi ya nyuzi 100, ilhali ule wekundu wa kahawia unaoleta harufu na ladha huanza kujitokeza kwa kasi kwenye nyuzi 140 hivi. Matokeo yake unapata nyama ya kijivu iliyochemka badala ya iliyokaangwa. Kama kikaango ni kidogo, ikaange mara mbili. Ikishashika rangi upande mmoja, ndipo uivunjevunje kwa mwiko na kuimalizia. Nyama yenye mafuta ya asilimia 15 hadi 20 ndiyo inayofaa zaidi, ila mwaga mafuta yaliyozidi ukibakiza kama kijiko kimoja cha chakula, maana mafuta mengi huelea juu ya bakuli na kufanya jibini liteleze.

Kwenye mafuta yaliyobaki, kaanga kitunguu maji hadi kilainike, tia kitunguu saumu kwa dakika moja, kisha nyanya nzito, na hiyo uikaange hadi rangi yake ikolee na kuanza kushika chini, kwa sababu nyanya nzito isiyokaangwa huacha uchachu mkali. Rudisha nyama, tia nyanya za kopo, pilipili manga, oregano kidogo na kikombe kimoja cha yale maji ya makaroni, uache vichemke taratibu kwa dakika kumi. Onja chumvi ukikumbuka kwamba jibini nalo lina chumvi yake.

Changanya makaroni, rojo na nusu ya jibini, umimine kwenye bakuli lililopakwa mafuta, kisha ufanye jaribio hili: pitisha mwiko chini ya bakuli kutoka upande hadi upande. Rojo linapaswa kurudi na kuijaza njia hiyo lenyewe. Njia ikibaki wazi, ongeza maji ya makaroni hadi ijifunge. Hapo watu wengi husita, wakidhani chakula kitakuwa supu, lakini hicho ndicho kiasi ambacho makaroni yatakinywa.

Funika kwa karatasi ya alumini kwa dakika 20 za mwanzo, ili mvuke ubaki ndani na kuyaivisha makaroni ya juu sawa na ya chini. Kisha funua, nyunyiza jibini lililobaki na uache dakika kumi nyingine hadi liyeyuke na kushika rangi. Likitoka, lipumzishe dakika kumi kabla ya kukata. Subira hiyo ina kazi yake: rojo linapopoa kidogo wanga hulifanya liwe zito, na vipande hutoka vimeshikamana badala ya kumwagika sahanini.

Mama_Watatu amejibu:

Ninaungana na ndugu Mwiko kwa yote aliyoyasema kuhusu unyevu, nami naongeza machache kuhusu maziwa na jibini, kwa kuwa dada au kaka aliyeuliza ana mtu wa kumfikiria.

Sosi nyeupe ni nzuri, lakini kwa siku ya kazi siioni kuwa ya lazima. Inaongeza sufuria moja na dakika kumi na tano za kusimama ukikoroga, na chakula hiki kinajitosheleza bila hiyo. Ukiihitaji kwa siku ya wageni, gramu 40 za siagi zikaangwe na gramu 40 za unga wa ngano kwa dakika mbili, kisha nusu lita ya maziwa itiwe kidogo kidogo huku ukikoroga hadi sosi ishike mgongo wa kijiko. Itandaze juu kama tabaka la pekee. Lisilofaa ni kumimina maziwa matupu ndani ya rojo la nyanya linalochemka ukitaka kufupisha njia, kwa sababu uchachu wa nyanya huyakatisha, na chembechembe zikishatokea hakuna namna ya kuzirudisha.

Kuhusu jibini, nunua kipande uparuze mwenyewe ikiwezekana. Lile linalouzwa likiwa limeparuzwa hupakwa wanga au unga mwingine ili lisigandamane mfukoni, na unga huo hulifanya liyeyuke kwa shida na kubaki na chembe kavu. Kwa jambo lililo rahisi kama hili tofauti inaonekana wazi. Mchanganyiko ninaoupenda ni mozarela kwa kunyooka kwake na cheda iliyokomaa kwa ladha yake, nusu kwa nusu.

Kwa yule asiyetumia maziwa, usiweke jibini ndani ya mchanganyiko hata kidogo. Liweke juu peke yake. Mtolee sehemu yake kwenye bakuli dogo la pembeni kabla hujanyunyiza jibini, na juu yake umtandazie chenga za mkate zilizochanganywa na mafuta ya zeituni, chumvi na kitunguu saumu kilichosagwa. Zikishika rangi ya dhahabu zina mkwaruzo mzuri kinywani, na mara nyingi wengine mezani huanza kuzitamani pia. Kagua maandishi ya pakiti ya mkate, kwa sababu baadhi ya mikate huwa na maziwa ndani yake. Kama kuliepuka kwake maziwa ni kwa sababu ya mzio na si kwa hiari tu, tumia kijiko chake pekee cha kupakulia.

Jiko_Tulivu amejibu:

Naona hakuna aliyelitetea bakuli la makaroni mabichi, nami nimelitumia kwa muda mrefu, kwa hiyo nitalisemea. Ndugu Mwiko ametueleza kwamba makaroni hunywa maji popote yanapoyapata. Basi hakuna kinachoyazuia kuyanywa yote ndani ya bakuli, mradi umeyawekea ya kutosha na hujayaruhusu yapae.

Punguza makaroni hadi gramu 350 na uandae rojo la nyama kama ilivyoelezwa, ila badala ya kikombe kimoja cha maji ya makaroni, tia nusu lita ya maji au supu ya nyama yanayochemka. Rojo hilo litaonekana jepesi mno, na ndivyo linavyotakiwa kuwa. Changanya na makaroni makavu moja kwa moja kwenye bakuli, hakikisha yote yamezama, kisha funika kwa karatasi ya alumini ukiibana vizuri kingo zote, kwa kuwa mahali mvuke unapotorokea ndipo makaroni yatakapobaki magumu. Oka kwa nyuzi 200 kwa dakika 35 hadi 40, ukifunua mara moja katikati ili kukoroga na kufunika tena. Yakilainika, nyunyiza jibini na uoke dakika kumi bila kifuniko. Rojo liingie likiwa la moto; likiingia limepoa, robo saa nzima hupotea kabla chochote hakijaanza kuiva.

Faida ni kwamba unaosha sufuria moja na bakuli moja. Hasara ni kwamba wanga wote hubaki ndani ya chakula, hivyo rojo huwa zito na la kunata kidogo, na wako wasiolipenda hilo. Mimi nalipenda.

Ipo pia njia ya katikati ambayo naiona ndiyo bora kuliko zote mbili kwa mtu mwenye haraka. Mara tu unapoingia jikoni, tia makaroni gramu 400 kwenye beseni, yamwagie maji ya moto sana yenye chumvi hadi yafunikwe vizuri, na uyaache hapo kwa nusu saa wakati unakaanga nyama na kupika rojo, ukiyakoroga mara mbili tatu mwanzoni ili yasishikane. Yatanywa maji na kulegea bila kuiva kabisa, kwa sababu maji yasiyo motoni hupoa upesi na wanga unahitaji joto ili uive. Ukiyachuja utakuwa na makaroni yaliyokwisha kupata sehemu kubwa ya maji yake, tayari kuingia kwenye bakuli kwa utaratibu uleule wa ndugu Mwiko, bila sufuria kubwa ya maji yanayochemka. Chota maji hayo ya kulowekea kwa ajili ya kulegeza rojo, na uwe tayari kuongeza dakika tano kwenye muda wa kufunikwa.

Asubuhi_Njema amejibu:

Nawashukuru sana nyote. Sababu ya ukavu sasa ninaielewa, na lile jaribio la mwiko chini ya bakuli nitalifanya mara ya kwanza nitakapopika. Nitaanza na njia ya kuloweka, kwa kuwa inalingana na mwendo wangu wa jioni. Nina maswali mawili yaliyosalia. Je, naweza kukiandaa chakula hiki usiku wa kuamkia siku ya kukila, nikakiweka kwenye friji bila kukioka? Na nikitaka kupunguza nyama ili niongeze mboga, ni mboga gani zitakazovumilia?

Mwiko_wa_Mti amejibu:

Kuandaa usiku wa jana yake kunawezekana, nami nakupendekezea, ila nakusihi uzingatie mambo ya usalama, kwa sababu nyama ya kusaga haifanani na kipande kizima cha nyama. Bakteria walioko juu ya kipande husambazwa ndani yake chote kinaposagwa, ndiyo maana nyama ya kusaga hutakiwa kufikia nyuzi 71 katikati yake. Usiikaange nusunusu usiku kwa kufikiri kwamba oveni itaimalizia kesho. Iivishe kabisa kwanza. Kisha acha rojo na makaroni vipoe kila kimoja peke yake kwenye vyombo vipana, uvichanganye, na uhakikishe vimeingia kwenye friji kabla ya saa mbili kupita tangu vitoke motoni. Vikiwa ndani ya sufuria yenye kina hupoa polepole mno katikati.

Kwa kuwa makaroni yataendelea kunywa rojo usiku kucha, yachemshe dakika moja pungufu ya ile niliyoitaja na uongeze kama mililita 150 za maji ya makaroni kwenye mchanganyiko. Rojo litaonekana limetoweka asubuhi. Ongeza maji kidogo tena hadi lipite lile jaribio la mwiko. Kuokwa kwa chakula kilichotoka kwenye friji huchukua dakika 15 hadi 20 zaidi, zote kikiwa kimefunikwa. Na kama bakuli lako ni la kioo, litoe likae nje wakati oveni inapata moto, wala usiliingize la baridi kwenye oveni ya moto, kwa sababu kioo kinachopashwa joto ghafla kinaweza kupasuka.

Mama_Watatu amejibu:

Kwa upande wa mboga, kigezo ni maji yake. Karoti iliyoparuzwa na pilipili hoho iliyokatwa ndogo hukaangwa pamoja na kitunguu na haziharibu chochote. Karoti hata husaidia kupoza uchachu wa nyanya. Uyoga uliokatwakatwa ndio ninaouona kuwa mwenzi bora wa nyama, kwa kuwa unafanana nayo kwa mkwaruzo na ladha, lakini ukaange peke yake hadi maji yake yakauke kabisa kabla ya kuuchanganya. Spinachi ipitishe kwenye maji ya moto na uikamue kwa mkono kwa nguvu. Mboga kama zukini, zikitiwa mbichi, hutoa maji katikati ya kuokwa na kuvuruga hesabu yote ambayo ndugu Mwiko ametupangia.

Dengu zilizochemshwa pia zinafaa sana: gramu 250 za nyama na vikombe viwili vya dengu zilizoiva hutosha bakuli zima, ila rojo lipate maji kidogo zaidi, kwani nazo zinakunywa.

Kinachobaki hukaa kwenye friji siku tatu au nne. Unapokipasha, kata kipande, kinyunyizie kijiko kimoja au viwili vya maji, kifunike, na ukipashe hadi kiwe cha moto sana katikati, nyuzi 74 kama una kipimajoto. Ukitaka kugandisha, gawa vipande vya mlo mmoja mmoja vikishapoa na uvifunge vizuri. Ndani ya friza hubaki na ladha yake kwa miezi miwili hadi mitatu, na huyeyushwa kwenye friji usiku mzima, si juu ya meza.